Vijidudu vya Tumboni na Moyo wa Mzee Wako

Leo nazungumza hasa na wewe mama wa Kangundo, wa Tala, wa Matungulu na wa Mwala, wewe ambaye ukishawatoa watoto kwenda shule unarudi jikoni kumwandalia mama mkwe, nyanya au baba mzee chakula chake cha asubuhi. Mara nyingi mzee huyo amebaki na meno machache, ana kijitabu cha kliniki ya presha, na wewe umezoea kumpa kile kinachomezeka bila taabu: chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha na vipande vya mkate mweupe, mchana wali, jioni ugali wa unga uliokobolewa na mchuzi. Hufanyi hivyo kwa ubaya. Unamhurumia. Lakini ndani ya utumbo wa mzee huyo kuna wakazi wengine ambao nao wanangoja chakula, na katika hiyo sahani yako hawajapata kitu.

Wakazi hao ni bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Katika utumbo mpana wa kila mtu wamo kwa matrilioni. Sisi tulifundishwa shuleni kwamba kijidudu ni adui, na kwa muda mrefu hata madaktari waliishi na fikira hiyo. Jinsi walivyokuja kugundua kwamba baadhi ya vijidudu hao wanahusika na presha, mafuta ya damu na mishipa ya moyo ni hadithi ya karibu miaka 100, na sehemu kubwa ya hadithi hiyo ilitokea hapahapa Afrika Mashariki. Nitakusimulia, kisha tutarudi jikoni kwako.

Tuanzie Kisii. Mwaka 1929 daktari mmoja aitwaye C. P. Donnison alichapisha katika jarida la The Lancet la Uingereza taarifa ya kazi yake katika Kavirondo Kusini, eneo ambalo Kisii ilikuwa ndani yake. Katika muda wa miaka 2 hospitali yake ilikuwa imelaza wagonjwa wapatao 1,800, naye hakuona hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha. Kisha akapima presha ya watu 1,000 wa vijijini. Kwa Wazungu ilijulikana kwamba presha hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Kwa watu aliowapima, baada ya umri wa miaka 40 haikupanda, ilielekea kushuka. Hebu fikiria hilo, mama, halafu fikiria foleni ya wazee unayoikuta siku ya kliniki.

Tusiipokee taarifa hiyo kama Injili. Wakati huo watu wengi hawakujua mwaka waliozaliwa, na mzee aliyezidiwa alibaki nyumbani kuliko kubebwa hadi hospitali ya serikali. Lakini Donnison hakuwa peke yake. Mwaka huohuo wa 1929 alifika Kenya daktari mwingine kijana, Hugh Trowell, ambaye baadaye alihamia Uganda na kufanya kazi kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Ugonjwa wa mishipa ya moyo kuziba, ule unaomwangusha mtu ghafla akishika kifua, ulikuwa nadra sana miongoni mwa Waafrika wake hata ilipofika mwaka 1956 yeye na mwenzake waliona inafaa kuandika makala nzima katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kuhusu mgonjwa mmoja tu. Mmoja! Leo hakuna mhariri ambaye angechapisha habari hiyo. Mwaka 1960 Trowell alitoa kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika, akaorodhesha magonjwa yaliyojaa Ulaya na ambayo hapa hayakuonekana.

Kulikuwa na siri gani? Wengine walisema ni damu ya Mwafrika. Wengine wakasema ni utulivu wa maisha ya kijijini, jambo ambalo nadhani lilisemwa na watu ambao hawajawahi kuchota maji mtoni wakati wa kiangazi. Aliyeleta jibu lililodumu alikuwa daktari mpasuaji, Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946 na kukaa huko hadi 1966. Burkitt anajulikana duniani kwa kueleza saratani ya taya ya watoto ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Lakini aliporudi Uingereza alishikwa na jambo jingine, ambalo wenzake walilicheka: kinyesi. Yeye na wenzake walilinganisha choo cha watu wa vijijini Afrika na cha Waingereza, wakakipima uzito, wakahesabu saa tangu chakula kinapomezwa hadi kinapotoka. Choo cha mwanakijiji kilikuwa kingi, laini, na kilitoka mapema. Cha Mwingereza kilikuwa kidogo, kigumu, na kilichelewa siku kadhaa. Tofauti, alisema Burkitt, ni nyuzinyuzi: yale makapi ya nafaka, maganda ya maharagwe, nyuzi za mboga na mizizi ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuyasaga. Kinu cha kisasa kilikuwa kimeyaondoa na kumtupia ng'ombe.

Burkitt aliziona nyuzinyuzi zaidi kama ufagio wa kufagia utumbo. Trowell akaongeza kwamba zinapunguza mafuta mabaya katika damu. Wote wawili walikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Bakteria wenyewe, wale wanaozila hizo nyuzinyuzi, ndio waliokuwa bado gizani.

Wakati huohuo mambo ya kushangaza yalikuwa yakitokea kwa majirani zetu Wamaasai. Daktari George Mann, kutoka chuo kikuu cha Vanderbilt huko Marekani, alipima Wamaasai katika miaka ya 1960 akiamini kwamba watu wanaoishi kwa maziwa na nyama lazima damu yao imejaa kolesteroli, yaani yale mafuta yanayoganda ndani ya mishipa. Aliikuta ikiwa chini. Mwaka 1974 yeye na Anne Spoerry, yule daktari wa ndege ambaye wafugaji walimwita Mama Daktari, walichapisha jaribio ambalo lilikwenda kombo kwa njia nzuri. Walitaka kujua kama kemikali fulani inapandisha kolesteroli, kwa hiyo wakawapa vijana wa Kimaasai maziwa yaliyochachushwa, mengi sana, kundi moja likiwa na kemikali na jingine bila. Vijana walinenepa. Lakini kolesteroli ilishuka katika makundi yote mawili. Mann akabaki anatazama yale maziwa na kujiuliza kama vijidudu vilivyoyachachusha ndivyo vilivyofanya kazi.

Wazo kwamba maziwa ya mgando yanalinda uzee lilikuwa na umri mkubwa kuliko Mann. Elie Metchnikoff, mwanasayansi aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris na kupata tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliamini kwamba wakulima wa Bulgaria waliishi miaka mingi kwa sababu ya maziwa yao machachu. Alilipigia debe kupita kiasi, na majaribio ya baadaye, pamoja na yale yaliyofuata ya Mann, yametoa majibu mchanganyiko: mengine kolesteroli ilishuka kidogo, mengine haikusogea. Na tusisahau kwamba Mmaasai wa siku hizo alitembea kutwa nyuma ya ng'ombe. Lakini lile swali halikuzikwa.

Na hapa kwetu? Mpenzi msikilizaji, labda wewe mwenyewe ulikuwa mtoto mchanga katika daftari la watafiti. Katika miaka ya 1970 watafiti kutoka kituo cha utafiti wa kitabibu cha Nairobi, kikiwa tawi la Taasisi ya Kifalme ya Nchi za Joto ya Amsterdam, walifanya kazi katika lokesheni za Matungulu na Mbiuni. Walizunguka nyumba kwa nyumba, wakaandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani ana surua, nani anaharisha. Matokeo yalikusanywa katika kitabu mwaka 1984. Walichunguza hata bakteria waliomo katika vyakula vya watoto wadogo. Lengo lilikuwa mama na mtoto, na ilikuwa haki, kwa kuwa watoto ndio waliokuwa wakifa. Lakini ona jinsi bakteria walivyoingia katika historia ya afya ya Machakos: kama uchafu ndani ya sufuria, kama kuharisha. Somo hilo lilitushika, na bado ni la kweli. Mikono ioshwe, maji yachemshwe. Ila lilituacha tukidhani kwamba tumbo safi ni tumbo lisilo na vijidudu, na hilo si kweli hata kidogo.

Katika miaka hiyohiyo sahani ya Ukambani ilikuwa inabadilika. Wazee wetu walikula wimbi, mtama na mawele, kunde, mbaazi na mizizi. Mahindi yakaja yakashika shamba. Hata hivyo isyo, mahindi mazima na maharagwe au kunde, ilibaki chakula cha nguvu, na ganda la mahindi lilibaki nayo. (Muthokoi ni tamu zaidi, nakubali, na kwa mzee ni laini zaidi, lakini kumbuka kwamba kile unachokitoa kwenye kinu unapotwanga ndizo nyuzinyuzi zenyewe. Bahati nzuri zile kunde na mbaazi unazochanganya zinarudisha sehemu yake.) Miaka ya 1950 kahawa iliruhusiwa kwa wakulima wa milima yetu ya Kangundo na Matungulu. Pesa za kahawa zilijenga nyumba na kusomesha watoto. Pia ziliwezesha kununua sukari, unga wa ngano, mafuta ya kopo na mkate. Kisha barabara ya Kangundo ikafanya Nairobi kuwa jirani, na chakula cha Nairobi kikaanza kupanda matatu kuja nyumbani.

Nini hutokea kwa presha mtu anapohamia Nairobi? Hilo nalo lilipimwa, si kwa Wakamba bali kwa Waluo. Daktari Neil Poulter na wenzake waliwafuata watu waliotoka vijijini Nyanza kuja kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Presha ya wahamiaji ilianza kupanda mapema, ndani ya miezi, wala si miaka. Mkojo wao ulionyesha sababu moja kubwa: chumvi imeongezeka, na potasiamu, madini yanayopatikana kwa wingi katika mboga, matunda, mizizi na kunde, imepungua. Watu ni walewale, damu ni ileile. Basi ile hoja ya damu ya Mwafrika ikaishia hapo.

Mwaka 2015 Kenya ilifanya uchunguzi wa taifa zima kuhusu magonjwa haya kwa watu wa miaka 18 hadi 69. Karibu mtu 1 katika kila 4 alikuwa na presha ya juu, na watu 94 katika kila 100 hawakula matunda na mboga kiasi kinachotakiwa kwa siku. Toka sifuri ya Donnison hadi robo ya watu wazima, katika maisha ya mtu mmoja. Kuna wazee ambao wameiishi safari hiyo yote.

Sasa tuje kwa bakteria wenyewe. Miaka 20 hivi iliyopita zilipatikana mashine za kusoma vinasaba vya vijidudu kutoka katika kinyesi, bila kulazimika kuwaotesha maabara mmoja mmoja. Ndipo kazi yao ikaanza kueleweka. Nitaieleza kwa lugha ya shambani.

Nyuzinyuzi za kunde, mbaazi, wimbi na mboga hupita tumboni bila kusagwa, zikafika utumbo mpana. Huko bakteria huzichachusha, kama vile uji unavyochachuka ndani ya kibuyu. Kutokana na uchachu huo hutengeneza asidi ndogondogo. Asidi hizo hulisha ukuta wa utumbo ukabaki imara, usivujishe sumu kuingia katika damu. Sehemu yake huingia katika damu, ambako zinasaidia kutuliza uvimbe wa ndani kwa ndani, ule usiouma lakini unaokwaruza mishipa mwaka baada ya mwaka, na utafiti unaonyesha zinahusika pia katika kupanda na kushuka kwa presha. Tena baadhi ya nyuzinyuzi hunasa nyongo na kutoka nayo chooni. Ini linapotaka kutengeneza nyongo nyingine, huchota kolesteroli kutoka katika damu. Hivyo Trowell alikuwa ameona vizuri.

Bakteria wakikosa nyuzinyuzi hawakai bure. Aina nyingine hufa, nyingine huanza kula ute unaolinda ukuta wa utumbo. Na wapo wanaopenda nyama nyekundu. Mwaka 2011 watafiti wa Cleveland huko Marekani walieleza kwamba bakteria hubadilisha vitu fulani vilivyomo katika mayai na nyama kuwa kemikali ambayo ini huigeuza tena, na watu wenye kiasi kikubwa cha kemikali hiyo katika damu walionekana kupata zaidi magonjwa ya moyo. Figo ndizo zinazoitoa, na figo za mzee zimechoka, kwa hiyo hukaa mwilini. Bado wataalamu wanabishana kama kemikali hiyo ndiyo mkosaji au ni shahidi tu. Mimi sitakwambia umnyime mzee nyama ya sikukuu. Nyama choma ya kila wikendi ndiyo ningeitazama mara mbili.

Chumvi pia imo. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani na wenzao waliwapa wanaume 12 gramu 6 za chumvi kila siku juu ya chakula chao kwa siku 14. Presha ilipanda, na bakteria wa jamii ileile inayochachusha maziwa wakapungua au kutoweka tumboni. Ni watu 12 tu, lakini majaribio ya panya yalikwenda njia hiyohiyo.

Kwa wazee kuna kisa cha Ireland ambacho kila mlezi angefaa kukijua. Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa ya wazee 178. Wengine waliishi makwao, wengine katika nyumba za kutunzia wazee. Wale wa makwao walikuwa na bakteria wa aina nyingi mchanganyiko. Wale waliokaa muda mrefu katika nyumba za kutunzwa, wakila chakula laini cha aina chache, bakteria wao walikuwa wa aina chache, na hao ndio waliokuwa wadhaifu zaidi, wenye uvimbe wa ndani zaidi. Ni kweli kwamba mgonjwa sana ndiye anayepelekwa kutunzwa, hivyo ugonjwa unaweza kuwa ulitangulia. Lakini watafiti waliona kwamba chakula hubadilika kwanza, na bakteria hufuata. Unaona sasa kwa nini nilianza na chai na mkate. Mlezi anayepika chakula cha aina moja kila siku kwa kumhurumia mzee, anaweza kumgeuzia nyumba yake mwenyewe kuwa kama nyumba hiyo ya Ireland.

Ushahidi wa karibu zaidi na sufuria yetu umetoka ng'ambo ya mpaka, Kilimanjaro. Watafiti wa Moshi, katika hospitali ya KCMC, pamoja na wenzao wa Uholanzi, walichapisha mwaka 2025 jaribio la wanaume 77 wenye afya. Waliokuwa wakila vyakula vya asili vya kijijini, yaani mboga za majani, maharagwe, ndizi za kupika, nafaka nzima na mizizi, walibadilishiwa kwa wiki 2 wakala vyakula vya kisasa kama chipsi na kuku wa kukaanga. Wa mjini wakapewa vya asili. Kundi la tatu walikunywa mbege, kile kinywaji cha Wachaga cha ndizi na wimbi kilichochachushwa, kwa wiki 1. Wiki 2 zilitosha kuonyesha tofauti katika damu. Waliohamia chakula cha kisasa, dalili za uvimbe wa ndani zilipanda. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na wale wa kinywaji kilichochachushwa, zilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki 4 baadaye. Walikuwa vijana na wanaume, si nyanya wa miaka 75. Wala usimwambie mumeo kwamba redio imeruhusu pombe. Lakini ni mara chache tunapata jaribio ambalo vyakula vyake tunavijua kwa majina yote.

Na katika Januari ya mwaka huohuo wa 2025 ilitoka kazi kubwa iliyochunguza bakteria wa tumboni wa wanawake 1,801 kutoka Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini. Wa Kenya walikuwa wakazi wa Korogocho na Viwandani, Nairobi, na walikuwa wanawake wa makamo na wazee. Walipatikana bakteria wengi ambao hawakuwa wameorodheshwa popote duniani, kwa sababu kwa miaka mingi waliopimwa walikuwa Wazungu na Wamarekani. Huenda miongoni mwa hao wamo waliomlinda mzee wa Kisii wa mwaka 1929. Huenda wengine tayari wanatutoka.

Haya, turudi jikoni.

Kwa mzee asiye na meno, isyo inawezekana. Loweka maharagwe, kunde au mbaazi usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha hadi ziive kabisa, kisha ziponde pamoja na boga au viazi vitamu. Hapo hakuna cha kutafuna na nyuzinyuzi zimebaki. Wengi wetu hutia magadi ili nafaka ziive upesi. Kwa mzee wa presha acha magadi. Yale ni chumvichumvi ya jamii ileile inayopandisha presha, na ukitia magadi kisha ukatia chumvi umemtilia mara mbili. Afadhali kuni ziongezeke kidogo, au uanze kupika mapema.

Anza pole pole. Mzee aliyezoea mkate miaka 10 ukimpa bakuli la kunde leo, usiku atalalamika gesi na kesho atakataa. Vijiko vichache wiki ya kwanza, uongeze wiki ya pili, na maji ya kunywa yasipungue, maana nyuzinyuzi bila maji huziba badala ya kufungua. Utafiti mkubwa uliokusanywa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanaokula gramu 25 hadi 29 za nyuzinyuzi kwa siku hufariki kwa magonjwa ya moyo kwa kiasi kidogo kuliko wanaokula chache. Huhitaji mizani. Kunde au ndengu mara moja kwa siku, mboga za majani kila siku, na unga wa posho mill usiochekechwa sana, utakuwa umekaribia.

Uji wa wimbi uliolazwa ukachachuka ni mwema, hasa ukipunguza sukari, na zaidi ikiwa mzee ana kisukari pia. Ukiupika baada ya kuchachuka bakteria wengi hufa, hilo ujue, lakini kazi waliyoifanya hubaki ndani ya uji, na nyuzinyuzi za wimbi zimo. Maziwa lala hunywewa bila kupikwa, kwa hiyo bakteria wake huingia wakiwa hai. Chemsha maziwa kwanza, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, tia vijiko viwili vya maziwa lala mazuri ya jana, funika kwenye chombo safi hadi kesho. Maziwa mabichi yaliyogandishwa bila kuchemshwa yanaweza kumpa mzee ugonjwa wa brusela, na hata kifua kikuu cha ng'ombe.

Hapa lazima niseme kwa sauti kubwa, kwa sababu sisi wa Machakos tumezika watu. Uchachu si ukungu. Mahindi yenye ukungu hayajachachuka, yameoza, na sumu ya aflatoksini iliyomo haitoki yote kwa kuchemsha, kuosha wala kukoboa. Mwaka 1981 watu 20 waliugua katika wilaya ya Machakos na 12 wakafa. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika, waliougua walikuwa 317 na waliofariki 125. Punje iliyobadilika rangi usimpe mzee, usimpe mtoto, na usiitie katika uji ukidhani uchachu utaisafisha.

Dawa za antibiotiki nazo huua bakteria wa tumboni pamoja na wale wa ugonjwa. Mzee akikohoa kidogo usimnunulie vidonge vya rangi mbili dukani. Akiandikiwa na daktari, amalize.

Na vidonge vya presha viendelee. Nimesikia walezi wakisema, tangu nyanya arudi kwenye vyakula vya zamani presha imeshuka, basi tumeacha dawa. Imeshuka kwa sababu anakula dawa na chakula. Hakuna kunde iliyowahi kuzuia kiharusi cha mtu aliyeacha vidonge vyake ghafla. Ikiwa figo zake zina shida, uliza kwanza, kwa sababu mboga, ndizi na maharagwe zina potasiamu ambayo figo mbovu hushindwa kuitoa.

Siku ya kliniki ijayo, iwe hospitali ya Kangundo au kituo kilicho karibu nawe, chukua kijitabu chake, na nyuma yake andika alichokula siku 3 zilizopita, asubuhi, mchana na jioni, bila kuficha sukari wala magadi. Mwonyeshe daktari au muuguzi ukurasa huo pamoja na vipimo vya presha, umwulize anaona nini.